Sura ya Nne: Vumi Kabla ya Besi

Watu wakiniuliza ni mpiga besi gani aliyenifundisha, hungoja nitaje jina. Wengine huwa wameshanichagulia: ni Family Man, au Jamerson, au yule wa Les Wanyika. Wote hao nitawafikia katika sura hii, maana nina deni kwao. Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa ngoma, na usiku ule sikuiona. Niliisikia mgongoni.

Nilikuwa na miaka sita au saba. Tulikuwa matangani bara ya Kilifi, upande wa Kaloleni, na sisi watoto tulikuwa tumelazwa mkekani nyuma ya nyumba ya udongo. Uwanjani watu wazima walikuwa wakicheza mwanzele. Sauti za waimbaji na za kayamba zilipita juu yetu zikaenda zake. Ila palikuwa na pigo moja zito ambalo halikuja kwa njia ya masikio. Lilipita ardhini, likapanda mkekani, likanigonga baina ya mabega. Halikuwa na haraka. Lilikuja, likanyamaza muda wa kutosha kunifanya nilingoje, kisha likaja tena. Usingizi ulinichukua nikilingoja.

Asubuhi nilikwenda kuitafuta. Niliikuta imeegemezwa mnazi, ngozi imelegea kwa umande, na mzee mmoja amewasha moto wa makuti makavu akiigeuzageuza ili ikaze. Nikanyoosha mkono nipige. Akanishika kifundo.

"Hiyo ni vumi, mwanangu. Usiipige. Iwekee kiganja tu."

Nikaweka kiganja. Yeye akagonga ukingoni kwa vidole viwili, taratibu, na mkono wangu wote ukatetemeka hadi kwenye kiwiko. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu asubuhi hiyo, na kila gitaa la besi ninaloshika dukani, kabla sijalipiga, huwa naliwekea kiganja kwanza.

Katika ngoma za pwani yetu, kwa Wamijikenda na kwa Waswahili wa mjini vilevile, kila ngoma ina kazi yake. Chapuo ni ndogo, sauti yake iko juu, na ndiyo yenye maneno mengi. Msondo ni ndefu na ndiyo inayoshikilia mwendo. Vumi ndiyo nzito, na jina lake limetokana na kuvuma: bahari huvuma, upepo huvuma, habari huvuma. Mpigaji wake hasemi mengi, lakini ndiye anayewaonyesha wachezaji pa kuweka mguu. Wachukue wapigaji wa ngoma hizo tatu uwape magitaa na umeshapata bendi. Wa chapuo atakimbilia solo, wa msondo atachukua ridhimu, na yule wa vumi hatauliza apewe nini.

Wala ngoma hizi hazikuwa za kupitisha wakati. Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipozunguka vijiji vya Wagiriama akiwataka wakatae amri za Waingereza, aliwavuta watu kwa kifudu, ngoma ambayo kwa desturi ni ya msiba. Nikisoma habari hiyo huwa naisikia kwanza kabla ya kuielewa. Watu waliokuwa wamezoea kuitwa na mvumo ule kuja kulia, waliitwa na mvumo uleule kuja kukataa. Nani angebaki nyumbani?

Nimeanzia mbali hivi kwa sababu naamini jambo moja kuhusu wapiga besi wa Kilifi na Malindi niliowajua. Muziki ukija kwetu kutoka kokote, Kongo, Jamaika, Marekani au Bara Hindi, tunaupimia kwa ile ngoma kubwa tuliyoikuta nyumbani. Unaonasa hukaa. Usionasa tunaucheza kwa mshahara, tukifika nyumbani tunausahau.

Gitaa lenyewe halikuchelewa kufika kwetu. Fundi Konde alizaliwa Mwabayanyundo, hapa hapa Kilifi, mwaka 1924. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki, akafika hadi upande wa India na Burma. Aliporudi alikuwa na gitaa lenye kodi ambazo wengi hapa hawakuwa wamezisikia, na sauti ya upole iliyowafanya watu watulie. Baadaye alifanya kazi ya kuwarekodi wenzake studioni, na nadhani sikio la kazi hiyo linasikika hata katika nyimbo zake mwenyewe: hakuna kitu kinachomkanyaga mwenzake. Alifariki mwaka 2000. Baba yangu alikuwa akiimba "Tausi Ndege Wangu" akikwangua nazi, na kwa miaka mingi nilidhani ni wimbo wake yeye baba. Siwezi kusema Fundi Konde alinifundisha besi. Alinifundisha kwamba Mgiriama kushika gitaa ni jambo la kawaida, na kwa mtoto wa kijijini hilo lilinitosha kuanzia.

Besi yenyewe nilikutana nayo kivukoni.

Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lolote la Mombasa kwenda Malindi lilikuwa lazima lingoje feri. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na wauza korosho walipita dirisha kwa dirisha na vifuko vyao. Sisi vijana tulikwenda pale kuuza, na mimi nilikwenda zaidi kusikiliza, kwa sababu mabasi yalikuwa na kaseti na madereva hawakuzima muziki wakingoja. Siku moja basi lilisimama mbele yangu, milango wazi, likicheza "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Nilikuwa nimeshausikia mara nyingi kwenye redio. Ila spika ya basi lile ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, na mimi nilikuwa nimeegemea bodi kwa mgongo. Kitu kikanigonga baina ya mabega. Nikaacha kuuza.

Hapa nitakaa kidogo, maana kama kuna wimbo mmoja uliotengeneza mikono yangu, ni huo.

Les Wanyika ilizaliwa mwaka 1978, Omar Shabani wa ridhimu na Tom Malanga wa besi walipotoka Simba Wanyika, na John Ngereza akaja kuimba. Simba Wanyika nayo ilikuwa ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Hawa walipitia Arusha, wakaja Kenya wakiitwa Arusha Jazz, wakapiga Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi. Watu husema ni muziki wa Nairobi kwa kuwa ulirekodiwa huko. Mimi nausikia kama muziki wa pwani uliokwenda mjini kutafuta kazi, kwani Tanga na Kilifi ni ufuo mmoja, na uzito wa mguu ni uleule.

Sikiliza ridhimu ya Omar Shabani: inazunguka palepale haichoki, kama wanawake wanaopokezana mchi kinuni. Solo inapita juu ikimeremeta. Halafu msikilize Malanga. Hagombanii nafasi na mtu. Anasema maneno matatu au manne, anaachia. Pale unapomngojea pana kimya, na pale ulipokwisha kumkatia tamaa ndipo anapotua. Nilinunua kaseti ya wimbo huo, nikawa naisikiliza kwenye redio ya baba, nikiirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili nisimalize betri. Kwenye daftari la hesabu niliandika nukta kwa kila noti ya besi na duara kwa kila mahali alipoacha wazi. Nilipomaliza mzunguko mmoja niliutazama ukurasa muda mrefu. Nilikuwa nimejifunga kuhesabu noti, na kumbe maduara ndiyo yaliyokuwa yakicheza.

Mafundi wa sauti wana maelezo ya jambo jingine lililonisumbua wakati ule: niliwezaje kuisikia besi kwenye redio ndogo vile? Uzi mzito wa gitaa la besi, ule wa E, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na spika yenye upana wa kiganja haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo wa chini hivyo. Lakini uzi mmoja hauzai sauti moja. Hutoa pia sauti za juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya msingi, na hizo spika ndogo inaziweza. Sikio likizipokea, ubongo hurudisha ile ya chini ambayo haikutoka. Kwa hiyo kizazi chetu kizima kilisikia besi ambayo redio haikuitoa. Tuliijaza wenyewe, na nadhani tuliijaza vizuri kwa kuwa tulijua tayari inavyotakiwa kuvuma.

Besi yangu ya kwanza niliitengeneza: ubao, nyaya za breki za baiskeli, na misumari. Haikukaa sawa hata siku moja. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Aston "Family Man" Barrett wa The Wailers naye alianza kwa besi aliyojiundia kwa mbao huko Kingston. Nilifunga kile kitabu, nikatoka nje nikatembea.

Bendi ya kwanza iliyonikubali ilikuwa ya harusi, na kiongozi wake alikuwa mzee mtaratibu aliyepiga solo kwa kukaa. Nilipiga naye usiku mmoja Takaungu, nikimimina kila nilichojua. Tulipopumzika aliniita kando.

"Mwanangu, mikono yako ni myepesi, nashukuru. Lakini ukijaza kila pahali, watu wataweka mguu wapi?"

"Nimesikia, mzee."

Sikuwa nimesikia. Ilinichukua miaka mingine kumi.

Iliyonifumbua macho ilikuwa chakacha. Shangazi yangu aliolewa Malindi mjini, na nyumbani kwake hapakupita wiki bila kaseti ya taarab iliyotoka Mombasa, nyingi zikiwa za Mbwana Radio Service: Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, Zein l'Abdin na udi wake wa Kilamu. Siku za harusi wanawake walifunga leso kiunoni, mlango ukafungwa, na sisi wanaume wapigaji tukawekwa nyuma ya pazia. Chakacha ina mapigo sita. Anayeyagawa mara mbili atahesabu moja-mbili, taratibu. Anayeyagawa mara tatu atahesabu moja-mbili-tatu, mbiombio kidogo, katika muda uleule. Kiuno cha mchezaji kinafuata hesabu moja na miguu inafuata nyingine. Mpiga besi amekaa katikati ya hesabu hizo mbili. Akiegemea upande mmoja sana, upande wa pili unakufa na kule nyuma ya pazia wataanza kupiga kelele. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili maneno ya yule mzee. Ukiacha wazi mahali panapofaa, hesabu zote mbili zinabaki hai na kila mtu anachagua yake. Ukipajaza, umewachagulia.

Si zamani sana tangu gitaa la besi liingie taarab. Vikundi vya Unguja vilitumia, na bado vinatumia, ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama. Ni Tanga, kwenye miaka ya 1960 na 1970, ambako Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star walileta magitaa ya umeme, pamoja na sauti ya Shakila ambayo hadi leo ikilia lazima niache nilichoshika. Mombasa nako Matano Juma akaweka ogani ya umeme. Kuna waliosikitika, wakasema taarab imeharibiwa. Nawaheshimu, na bado nasema hapana. Besi ya umeme iliingia taarab ikakuta kiti chake kipo, kimekaliwa na vumi kwenye chakacha tangu zamani.

Hata taarab isiyo na besi kabisa ilinifundisha. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na namna yake ya kuchukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitia Kiswahili cha Mombasa kilichokomaa. Chini yake kulikuwa na tabla. Tabla ile kubwa ya mkono wa kushoto mpigaji huikandamiza kwa kisigino cha kiganja ili sauti ipinde, ipande kama swali. Nilijaribu kuipata kwenye besi kwa kuburuta kidole uzini, sikuipata. Nikajaribu tena kwa kusukuma uzi pembeni, polepole, baada ya kuupiga. Ikaja. Mpaka leo nikifanya hivyo katika rege, wageni huniuliza nimejifunza kwa nani, na nikiwaambia kwa Juma Bhalo wanadhani ni Mjamaika.

Nisiisahau bango. Mzee Ngala wa Frere Town, Mombasa, na saksafoni yake, aliwapa watu wa pwani muziki wa kucheza wakiwa wamevaa vizuri, wazazi na watoto sakafu moja. Besi yake ni ya kutembea, haisukumi mtu. Nikichoka, nasikiliza bango.

Kongo nayo ilinipitia, nani haikumpitia? Nilimsikiliza Mpudi Decca wa TPOK Jazz hadi kanda ikachujuka. Nilipenda alivyoubeba wimbo wa Franco taratibu dakika tano, sita, bila kuonyesha uzito wa mzigo. Sebene, ile sehemu ya kuchezea, ilipokuja kuwa ndiyo wimbo wote, ya kasi kuanzia mwanzo, mapenzi yangu yalipoa. Wenzangu wengi wa Malindi hawakubaliani nami katika hili, na wao ndio waliopata kazi nyingi.

Kazi, kwa mpiga besi wa pwani hii, kwa miaka mingi maana yake ilikuwa hoteli. Malindi na Watamu zilijaa Waitaliano. Wa mwanzo walikuja miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti zilirushwa kutoka majukwaa ya baharini kuanzia 1967. Wengine wakapapenda wakabaki, wakaita jamaa zao. Kwa hiyo mimi, mtoto wa mwanzele, nilijifunza besi ya "Volare" na ya "Azzurro". "Azzurro" inakwenda kama gwaride, kushoto-kulia, na mwanzoni niliiona nyepesi mno. Kisha nikaona wazee wa Kiitaliano wakiinuka mezani kwa wimbo huo, macho yamewalowa, wakishikana mabega. Wao pia walikuwa na pigo lililowagonga utotoni. Tangu siku hiyo niliipiga kwa adabu.

Na kila usiku, lazima, "Jambo Bwana". Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa hapa hapa pwani, waliutoa mwaka 1982 na mwaka uliofuata Boney M. wakauimba wa kwao. Kuna wapigaji wanaouchukia kwa kuuzoea. Mimi siwezi. Ndugu hao waliwaonyesha vijana wa Kimijikenda kwamba bendi ya hotelini inaweza kutunga, na kwamba rege, chakacha na Kiswahili cha kwetu vinaweza kukaa chungu kimoja. Sikiliza "Embe Dodo" halafu uniambie kama besi ile haijawahi kusimama karibu na kayamba.

Rege ilituingia kwa urahisi hadi wageni wanashangaa. Mimi sishangai. Katika pigo la rege wanaloliita wani dropu, dramu kubwa haipigi pigo la kwanza. Inaliacha wazi, inatua la tatu. Family Man mara nyingi naye aliliacha hilo la kwanza likae tupu, akaingia baadaye kwa sauti ya mviringo isiyo na makali. Mara ya kwanza kumsikia kwenye spika kubwa, katika disko ya Malindi, nilifumba macho na nikawa tena mkekani. Kimya, kungoja, kutua. Alifariki Februari 2024, na Robbie Shakespeare, aliyefunzwa besi na yeye, alikuwa ameshatangulia Desemba 2021. Siku niliposikia habari ya Family Man, mwendesha tuktuk aliyenibeba alikuwa akicheza nyimbo zake moja baada ya nyingine tangu asubuhi, na hatukuzungumza njia nzima.

James Jamerson nilimfahamu kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeshamsikia miaka na miaka bila kujua, kwani ndiye aliyepiga katika nyimbo nyingi za Motown za miaka ya 1960, na kampuni haikuwa ikiandika majina ya wapigaji kwenye majalada. Alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na nyuzi zake hakuzibadilisha hadi zikatike. Alifariki mwaka 1983, watu wengi waliocheza muziki wake wakiwa hawajui jina lake. Jambo hili linaniuma kwa karibu. Chukua kaseti yoyote ya zamani ya Mombasa: jina la mwimbaji lipo, la kikundi lipo, la duka lipo na sanduku lake la posta. Wa besi ni nani? Mara nyingi hakuna anayejua isipokuwa waliokuwemo chumbani. Ndiyo sababu kila nipatapo nafasi husema Tom Malanga kwa jina lote.

Kuna wawili wengine wa Afrika ambao siachi kuwasikiliza. Bakithi Kumalo wa Soweto alipiga besi isiyo na vizuizi kwenye shingo katika "Graceland" ya Paul Simon mwaka 1986, na besi ile inaimba kama mtu. Richard Bona wa Kameruni alianza kuipenda besi baada ya kumsikia Jaco Pastorius kwenye sahani katika klabu ya Douala. Bona ana mikono ambayo mimi sitakuwa nayo kamwe. Nikimsikiliza, napita haraka zile sehemu za ufundi na kungoja pale anapopunguza, anapoimba kwa sauti ndogo na besi inakaa chini yake kama mkeka. Hapo tunaelewana.

Katika miaka ya karibuni hoteli moja niliyoifanyia kazi muda mrefu ilianza kutupunguza. Aliondolewa wa dramu kwanza, kisha mimi, akabaki mwimbaji na kibodi yenye midundo ya kubonyeza. Usiku wangu wa kwanza bila kazi nilikaa ufuoni, nje ya ua, nikasikiliza. Mashine ilikuwa ikipiga besi yangu. Noti zote zilikuwa sahihi. Ilijaza kila pahali, kwa usawa, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwenye sakafu ya kuchezea hapakuwa na mtu. Sikufurahi. Yule mwimbaji ni rafiki yangu.

Siku hizi nafundisha. Vijana huja nyumbani na besi za kuazima na simu zilizojaa nyimbo, za Bongo, za Lagos, za Afrika Kusini. Nawaambia wanisikilizishe wanachokipenda, na huwa nakipenda zaidi ya wanavyodhani. Amapiano imenigusa hasa: ile sauti ya gogo wanayoiita logi dramu ni besi na ngoma kwa pamoja, inatua pasipotarajiwa, inaacha uwazi. Mara ya kwanza kuisikia ilikuwa kwenye matatu ya Mombasa–Malindi, kiti cha nyuma, spika chini yangu. Nilishuka kituo kimoja baada ya changu.

Shida ni simu. Ile redio ya baba ilikuwa ndogo, ila spika ya simu ni ndogo zaidi ya kofi la mtoto, na vijana wanaisikiliza nyumbani ambako hakuna tena ngoma uwanjani ya kuwasaidia kujaza kilichokosekana. Mmoja wao, kijana mtulivu wa Ganze, alinijia na "Sina Makosa" aliyojifunza kwenye simu. Alikuwa ameziweka noti zote. Na katikati ya noti za Malanga alikuwa ametia zake, palipokuwa wazi.

"Hizi umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Sikusikia kitu pale, mwalimu. Nikadhani simu haikutoa."

Nikamwambia aweke besi chini. Nina ngoma chumbani, nililetewa na binamu zangu wa Kaloleni mama alipofariki, imesimama kwenye kona karibu na dirisha. Nikamwekea kiganja chake juu ya ngozi. Nikagonga ukingoni kwa vidole viwili, nikangoja, nikagonga. Nje mtu alikuwa akitwanga. Kijana alitaka kusema kitu, akaacha. Nikagonga tena, na safari hii, kabla kidole changu hakijatua, niliona bega lake limeshatangulia.

Akachukua besi. Akaupiga mzunguko mara mbili akikosea, na wa tatu, alipofika pale, mkono wake ulibaki hewani.